Mitaro ya Dancille

Wingu lilikuwa limeshafunika vilima vya Masisi pale askari alipoingia shambani kwa Dancille, akaonyesha mitaro kwa mdomo wa bunduki.

"Hii njo handaki ya nani?"

"Haiko handaki, Papa. Iko mitaro ya mvua. Maji inalala humu, inazama polepole, haishuki kubomoa soko."

"Adui pia atalala humu. Mufukie."

Kavuo, mwanamke muuza chumvi aliyesimama kando ya Dancille, akasogea mbele. Duka lake lilikuwa sokoni, chini kabisa ya kilima. Alipoombwa kuwalisha wachimbaji wa mitaro hiyo alicheka, "Nipike sombe kwa ajili ya mashimo?" Akapika majani yale ya muhogo akinung'unika. Dancille alitoa zaidi: aling'oa mistari miwili ya maharage yaliyolisha watoto wake, ili mitaro ipate nafasi. Lakini kabla ya mitaro, mvua moja ilibeba chumvi yote ya Kavuo pamoja na mlango. Tangu ichimbwe, soko lote lilibaki kavu. Sasa Kavuo alijua sombe ile ilinunua nini.

"Papa, ukifukia huu, unafukia duka yangu."

"Afazali duka kuliko kichwa, Mama."

Nani abishane na bunduki? Wakafukia mtaro wa juu. Matone yakaanza kabla hawajaufikia wa chini. Dancille akabaki shambani. Askari akamfuata Kavuo mbio, akajikinga dukani.

Mtaro wa chini haukuweza kubeba mzigo wa miwili. Maji ya tope yakafurika, yakateremka kilima, yakausukuma mlango. Kavuo akakumbatia gunia, akateleza. Askari akatundika bunduki msumarini, akamwinua kwanza yeye, ndipo gunia. Akapandisha la pili mezani. La tatu lilikuwa limeshaanza kuyeyuka.

"Mama, maji hii inatoka wapi?"

"Kule ulituambia tufukie."

Askari akachukua jembe nyuma ya mlango, akapanda kilima kwenye mvua. Kavuo akamfuata, kitenge kichwani. Walimkuta Dancille akifukua peke yake.

"Na chef wangu, ule komanda, akiniuliza?" askari akasema, akianza kuchimba.

"Umwambie uko unalima," Dancille akajibu.

Askari akacheka kidogo, macho yakiwa bado kwenye barabara. "Basi mupande matembele ukingoni, ifanane shamba. Upesi, mbele ya askari wengine kupita."

Maji yakageuka, yakatulia mtaroni. Dancille akakimbilia mashina ya matembele. Kavuo akashuka kuwasha moto. Ile chumvi iliyolowa aliitia kwenye sombe, akaibeba sufuria mwenyewe hadi juu, bila kunung'unika.