Mwalimu Anaanza Saa Ngapi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Novemba 2023, saa tatu asubuhi, na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa darasa na chupa yangu ya kahawa. Gari la mke wangu lilikataa kuwaka kwa baridi, nikampeleka chuoni kwa lori langu la kusukumia theluji. Theluji ilikuwa bado haijaanguka, kwa hiyo sikuwa na kazi. Akaniambia, "Ingia ukae ndani, mzee wangu. Humo kwenye lori utaganda."

Mimi shule niliiacha mapema nikaenda kubeba magunia kwenye maghala ya ngano. Msomi wa nyumba alikuwa mke wangu, Lorna. Alifundisha hesabu Chuo Kikuu cha Kettle Plains, wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wale wanaotaka kuwa wauguzi na wanaogopa hesabu kama mbwa wa jirani. Miaka mingi walimwajiri muhula kwa muhula. Kila Aprili anarudi nyumbani na masanduku yake, hajui kama Septemba watamwita. Baadaye wakaanzisha vyeo vya walimu wa kufundisha tu, wasiofanya utafiti, wakamweka wa kudumu. Cheo cha juu kabisa katika ngazi hiyo ni Profesa wa Ufundishaji. Hicho ndicho alichokiomba.

Mimi nyumbani nilishazoea kumwita hivyo. "Profesa, kahawa ipo?" Naye hujibu, "Bado, mzee. Subiri waseme wao."

Ili waseme, kamati ya vyeo ilitakiwa kumtuma mtu amwone akifundisha. Kamati nzima ni watafiti. Waliyemtuma anaitwa Dkt. Penhale, mtaalamu wa mbawakawa. Nasikia anajulikana hadi Ulaya kwa hao wadudu wake.

Alifika kwa wakati, hilo simnyimi. Akakaa nyuma, kalamu mkononi, koti hakuvua. Lorna hakusimama mbele. Hakuwahi kusimama mbele. Aliwagawia wanafunzi swali moja la dawa na uzito wa mgonjwa, akawasimamisha watatu watatu kwenye mbao zilizozunguka ukuta, kila kundi na kipande kimoja cha chaki ili walazimike kusikilizana. Basi kelele zikaanza.

"Wewe, hiyo sifuri umeitoa wapi, mfukoni?"

"Ipo kwenye swali, soma!"

"Kwa dozi hiyo mgonjwa wako ameshakufa, dada. Mzike tuendelee."

Lorna alikuwa akipita nyuma yao, mikono mgongoni. Akifika kwenye kosa hasemi kitu. Anafuta mstari mmoja kwa kidole, anaondoka. Wale waliobaki wanaitazama ile nafasi tupu, halafu mmoja anasema, "Aaa," kama mtu aliyekumbuka alikoacha funguo. Mimi sikuelewa hesabu yenyewe hata chembe. Lakini hiyo "aaa" niliisikia ikizunguka chumba, ubao hadi ubao.

Penhale alitazama saa. Akatazama mbele, pale pasipo na mtu. Akatazama saa tena. Kipindi hakijafika nusu akainuka, akainama sikioni kwangu na kuniuliza, "Samahani, bwana, mwalimu anaanza saa ngapi?"

"Anafundisha sasa hivi," nikamwambia.

Akacheka kidogo kwa heshima, kana kwamba nimemtania, akaenda zake.

Wiki chache baadaye Lorna alirudi nyumbani, akavua viatu vya theluji, akakaa navyo mapajani.

"Ameandika kwamba hakuona ufundishaji wowote," akasema.

"Si umweleze?"

"Ufundishaji wangu nimeueleza kwenye maombi, kurasa na kurasa. Yeye alitakiwa aje auone."

"Watume mwingine basi."

"Ni ziara moja kwa kila ombi, mzee wangu. Kuomba upya ni baada ya miaka mitatu."

Akakata rufaa. Ikapangwa isikilizwe Machi. Februari alianguka jikoni, unga mikononi, hakuinuka tena. Madaktari wanasema ni mshipa wa kichwani. Mimi nasema ni kamati, na wakitaka kubishana waje tubishane. Huku kwetu ardhi wakati huo ni jiwe, haichimbiki, kwa hiyo alisubiri mahali wanapowasubirisha marehemu hadi Mei. Alizoea kusubiri. Siku ya kumzika sikulia. Niliona kwamba theluji imeyeyuka vizuri, basi.

Juni mkuu wa kitivo alikuja nyumbani, Dkt. Sibyl Aasen, na mkate wa ndizi uliofungwa kwa karatasi ya foili. Nikamkaribisha jikoni. Alikaa kwenye kiti cha Lorna kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

"Pole sana, Bwana Hnatiuk. Wanafunzi wametuomba kitu, na chuo kimekubali kwa moyo mmoja. Tunataka kuanzisha Tuzo ya Lorna Hnatiuk ya Ufundishaji Bora. Kila mwaka. Tunahitaji tu ridhaa yako."

"Mpeni cheo kwanza."

"Rufaa yake ilikoma alipofariki. Kanuni haina kifungu cha marehemu."

"Kanuni iliandikwa na nani?"

Akazungusha kikombe chake. "Na sisi."

"Na mshindi wa hiyo tuzo mtamjuaje?"

"Kuna kamati itakayotembelea madarasa."

"Penhale yumo?"

"Ni mwenyekiti. Mwaka huu ni zamu yake."

Sikukasirika. Nilidhani nitakasirika, nikangoja, hakuna kilichokuja. Nilimkatia kipande cha mkate wake mwenyewe, akala, nikamwambia, "Mama, sikiliza. Kama hakuwa akifundisha, msiipe tuzo jina lake. Kama alikuwa akifundisha, mpeni cheo chake. Mkishachagua moja, njoo nikupe hiyo ridhaa."

Akasema atalifikisha kwenye kamati. Tangu hapo kumenyamaza. Wanafunzi huniuliza dukani, "Mzee, tuzo imefikia wapi?" Nawaambia wawaulize wenye chuo.

Jana nilipita kwa Ambrose, mchonga mawe ya makaburi. Ni rafiki yangu tangu enzi za maghala. Jiwe la Lorna liko tayari, jina na miaka, na juu ya jina kuna nafasi aliyoiacha kama nilivyomwomba.

"Orest, jiwe hili linanichukulia meza," akasema. "Nichonge Profesa, limalizike. Nani atakuja kulikagua makaburini? Yule bwana wa wadudu?"

"Hapana."

"Si ulikuwa unamwita hivyo mwenyewe, mbele yangu, kila ukitaka kahawa?"

"Kutoka kwangu cheo hakukitaka. Alikitaka kutoka kwao."

"Basi nipazibe, nipalainishe pawe patupu?"

"Usizibe."

Ambrose akapuliza vumbi juu ya jiwe, akaweka patasi kwenye ile nafasi, akanitazama.

"Sasa hapa juu niandike nini?"