Mkono Ulipofika Sikioni

Evarista na Lutengano walipoachana, wazee waliamua binti yao Tusekile akae na mama pale Mlandege, Iringa, hadi mkono wake uweze kuvuka utosi na kushika sikio la upande wa pili, kama watoto wanavyopimwa kuanza shule. Hapo baba angekuja kumchukua. Evarista aliona siku hiyo iko mbali sana.

Lakini mkono wa mtoto hauna adabu, hukua hata ukiukataza. Evarista akaacha kumnyoa binti. Nywele zikawa kichaka, mkono ukakwama njiani. Mumewe mpya, Tadeo, akamtania, "Mke wangu, unafuga mtoto au kondoo?"

Chawa ndio waliomshinda. Siku alipomnyoa, Tusekile alirusha mkono, akashika sikio. "Mama, nimefika!" Majirani wakapiga vigelegele, wakidhani ni furaha ya shule. Habari haikukawia kumfikia Lutengano kwake Ilomba, Mbeya.

Lutengano akaja na mkewe mpya, Yudith. Evarista alitamani Yudith awe mwanamke mkali, ili amchukie vizuri. Wapi! Alikuwa mpole.

"Kamwene, dada," alisalimia kwa Kihehe cha kubahatisha. "Usihofu. Mimi sijajaliwa mtoto, nitamlea kama wangu."

Hilo neno "wangu" lilimchoma Evarista kuliko tusi.

Wakisubiri basi la Mbeya, Tusekile alimpanda mama yake mapajani.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Popote niendapo ananifuata."

Nani asiyejua kuwa ni kivuli? Lakini akijibu, mchezo utakwisha. "Nimeshindwa," Evarista akasema.

"Nipe mji!"

"Chukua Iringa."

"Iringa ninayo."

"Chukua Tosamaganga, na kanisa lake."

"Sitaki. Nipe Mbeya."

Evarista akatazama barabarani, vumbi la basi limeshaonekana. "Haya. Chukua Mbeya, mwanangu."

Mtoto akapiga makofi. "Nilikwenda Mbeya, nikala ndizi, nikanywa maziwa. Baba akaniuliza, mama yako yuko wapi? Nikamwambia, anafunga mizigo, atakuja na basi la kesho."

Lutengano akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Basi likasimama. Yudith akampokea mtoto taratibu, wakapanda.

Lilipoanza kuondoka, Tusekile alitoa kichwa dirishani. "Mama! Kweli hukijui?"

Evarista alikimbia kando ya basi, khanga ikimtoka begani.

"Sikijui, mwanangu! Sikijui!"