Kicheko Khitmani kwa Bi Mwatum

Asubuhi ya khitma ya mama yake, Kidawa aliamka na neno moja moyoni: leo sitaki mchezo. Alikuwa amefika kutoka Chwaka tangu juzi, yeye na binti yake Shemsa, na nyumba ya mama yake pale Mkunazini keshaifagia, keshatandika majamvi juu kwa wanawake na chini kwa wanaume, keshaipanga misahafu. Bi Mwatum alikuwa mcha Mungu. Arubaini yake nayo iwe ya kicha Mungu, ya kisomo na dua na watu wenye kutulia.

Mvua ya masika haikuyajua hayo. Mapishi yalikuwa ua wa nyuma, nyama ndiyo kwanza imeanza kuchemka, mara ikashuka mvua kama iliyomwagwa kwa ndoo. Moto ukafa. Kuni zikalowa. Kaka yake, Makungu, aliyekuwa fundi seremala, alisimama mlangoni na kanzu imemganda mwilini.

"Sasa, Kidawa?"

Kidawa alikaa kwenye ngazi akalia, na hakujua analilia pilau au anamlilia mama.

Ng'ambo ya uchochoro alikaa Mama Klara, Mkristo, mtu wa bara, mumewe kuli wa bandarini. Aliuona moshi umekatika akafungua dirisha.

"Leteni hizo sufuria kwangu! Jiko langu lina paa na kuni zangu kavu."

"Tutakusumbua, Mama Klara," alisema Kidawa akijifuta macho.

"Unisumbue nini? Nilipokuwa namzaa Klara, nani kama si mama yako alinikalia kutwa kucha akinipangusa jasho na kunisomea Kiarabu chake? Nilikuwa sifahamu hata neno, lakini nilikuwa nikisema amina. Leteni!"

Basi Makungu na majirani wakazivusha sufuria, na wanawake wakafuata wamejifunika makanga, huku wakiruka madimbwi. Haukupita muda moto ukawaka, vitunguu vikaanza kunukia, na watu waliobanana jikoni na mikono yao ina kazi hawawezi kunyamaza. Aliyeanza alikuwa Bi Hija, shoga yake marehemu, aliyeshona naye kofia tangu ujana.

"Mwatum yule! Sindano ikiingia, Subhanallah. Ikitoka, Alhamdulillah. Kofia zake nyinyi mnaziona nyuzi tu, mimi nakwambieni zile ni tasbihi. Kafiwa na mume, watoto wawili wadogo, katoka Chwaka na kibunda kichwani, na watoto hao kawasomesha na kuwaoza kwa sindano ile ile."

"Mungu amrehemu," wakaitikia.

"Amin. Lakini na kunguru je? Hamkukisikia kisa cha kunguru?"

Hawakukisikia. Bi Hija akaliweka chini bakuli la mchele.

"Siku hiyo kamkaanga samaki wake changu, kamweka kwenye sahani karibu na dirisha, kasimama kusali Adhuhuri. Kunguru huyo, akatua dirishani. Mwatum kamwona kwa pembe ya jicho. Afanyeje? Sala hakati. Akapaza, 'Allahu Akbar!' Kunguru akamtazama. Akarukuu, akapaza zaidi. Kunguru akasogea. Sala ile husaliwa kimya, lakini siku ile tuliisikia mtaa mzima! Alipokwenda kusujudu, kunguru akaruka na changu mdomoni. Mwatum akaitimiza sala yake raka'a zote, akatoa salamu kulia na kushoto, ndipo akaenda dirishani akapiga kelele: 'Haya, kula! Lakini ujue hukupiga bismillahi!'"

Jiko likalipuka kwa kicheko. Ilimbidi Mama Klara aushike ukuta.

Kidawa hakucheka. Uso ulimwiva.

"Jamani, leo khitma ya mama yangu, si harusi. Huko njiani watu watasemaje?"

Bi Hija akaliokota bakuli lake. "Samahani, mwanangu," alisema taratibu. "Nimemkumbuka, basi."

Kidawa aliona haya, lakini neno lishatoka.

Baada ya Adhuhuri watu walijaa, chini na juu. Juzuu ziligawiwa, kila mwanamke na yake, na chumba kikavuma kwa kisomo. Kilipokaribia kwisha, Bi Hija akamwita Shemsa, aliyekuwa hata miaka tisa hajatimiza.

"Bibi yako alinambia kakuhifadhisha sura ya Tabaraka. Tusomee."

"Naam," alisema Shemsa, akakaa katikati, akafumba macho. Sauti yake ilikuwa nyembamba na safi, na kila herufi ilitoka pale pake. Kidawa alikuwa kama anamwona mama yake amekaa nyuma ya yule mtoto, kofia mapajani, akisikiliza.

Mara mtoto akasita, akageuza uso pembeni, akakohoa, *khm-khm*, akaendelea. Aya chache mbele tena: akageuza uso, *khm-khm*, akaendelea. Mara ya tatu Bi Hija akainua kichwa. Kile kilikuwa kikohozi cha Bi Mwatum, kikavu, cha mara mbili, na uso upande ule ule.

Sura ilipokwisha Kidawa alimwita mwanawe kwa sauti ndogo. "Shemsa, una kifua?"

"Sina, mama."

"Mbona unakohoa?"

Shemsa alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo na maana. "Ndivyo inavyosomwa. Bibi kanifundisha hivyo hivyo."

Kidawa alitaka kumwelekeza. Alifungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa neno. Kilikuwa kicheko, kicheko ambacho hakikuwa kimemtoka tangu mama yake afariki, na machozi yakaja pamoja nacho. Alimvuta mtoto kifuani akacheka mpaka mtandio ukamvuka, na chumba kizima kikamfuata.

Dua ilisomwa, amina zikaitikiwa, pilau ikapanda. Kidawa alimkamata Bi Hija mkono akamketisha kwenye sinia lake, na Mama Klara upande wa pili.

"Shikamoo, Bi Hija. Unisamehe ya asubuhi."

"Marahaba, mwanangu. Hapana ubaya."

"Na mimi ninalo la kwangu." Kidawa alishachanganya kicheko na tonge. "Nilipomzaa Shemsa, mama alikuja Chwaka kunilea arubaini nzima. Mnajua alivyokuwa akimwonea haya mkwewe. Siku moja yuko pwani, akamwona mume wangu Mcha anakuja. Akajifunika buibui uso mzima ampishe, akarudi kinyumenyume, akatumbukia shimo la makumbi ya nazi! Maji ya kuozea makumbi mnayajua yanavyonuka. Mcha akaja mbio kumtoa. Mama, kazama mpaka kiunoni, kajigubika vile vile: 'Mkwe, usinitazame! Nivute tu!' Mcha naye kafumba macho, anapapasa hewa, na mama anamwelekeza: 'Kulia! Kushoto kidogo!'"

Wanawake walilaliana mapajani. Kelele zilishuka mpaka chini, na Makungu akapanda ngazi nusu, akauliza kwa wasiwasi kuna nini huko juu.

"Tunamrehemu mama yako!" akajibu Bi Hija. "Nenda kawape watu chai."

Kidawa akampangia Mama Klara mnofu mzuri upande wake wa sinia.

"Haya, na wewe," alisema. "Nipe la kwako la mama, ambalo silijui."