Muhuri Uliolazwa Chali

Kwenye mtambo wa nyuklia wa Ushigahama hata mihuri ilikuwa na viuno. Karatasi ya kumwaga maji baharini ilipigwa mihuri mitatu ya majina kwa mstari: mchota sampuli, maabara, mkuu wa idara. Adabu ya Kijapani ilitaka muhuri wa mdogo uelemee upande wa mkubwa, kama unamsujudia. Ya wengine iliinama mpaka ukahofia itadondoka mezani. Wa mzee Kakuta Eikichi, mchota sampuli, ulisimama wima miaka thelathini kama mlingoti, na wakuu watano walistaafu bila kuona. Wa sita, Hirukawa, kijana anayenyoa ndevu mara mbili kwa siku, aliona asubuhi ya kwanza.

Jumanne moja ya Machi, Kakuta akibakiza siku tisa astaafu, tangi la tatu lilijaa. Humo huingia maji ya dobi, yaliyofulia ovaroli za mafundi. Alilikoroga kwa pampu saa mbili nzima, maana anayechota juu palipotulia huacha uchafu chini ukimcheka. Akachota, akampelekea Umezu, binti wa maabara. Umezu akapima, akapima tena.

"Mzee, mionzi imefika mara mbili ya kiwango."

"Basi yatarudi kuchujwa. Tangi halina haraka."

Haraka ilikuwa ghubani. Bomba la kumwagia lilitokea kule kule ambako Sae, mkewe, na wanawake wa kijiji walikuwa katikati ya mavuno ya mwani. Yakitoka maji yale, nani angeutia mwani ule mdomoni?

Chini ya fomu palikuwa na visanduku viwili, MWAGA na RUDISHA. Mkuu hupiga muhuri kwenye kimoja, na mtu wa vali, mfungulia bomba, hatazami kitu kingine. Kakuta akaandika kipimo, akaongeza "yarudishwe", akapiga muhuri wake, akaipeleka kwa mkuu.

Macho ya Hirukawa hayakufika kwenye kipimo.

"Mzee, muhuri wako unaumwa mgongo?"

"Hapana, bosi. Ila haya maji..."

"Nimekuuliza maji? Kaandike upya."

Akaandika upya, akauinamisha kidogo. Hirukawa akatoa kipimapembe cha watoto wa shule. "Digrii sita! Hata shemeji yangu mlevi huniinamia zaidi." Ofisi nzima ikacheka, kwa kuwa aliyecheka kwanza ni bosi.

Mara ya tatu: "Sogeeni muone, mlingoti umeanza kuoza." Mara ya tano akamtuma akajizoeze mbele ya kioo cha chooni. Ya saba akaipeperusha fomu sakafuni, Kakuta akaiokota kwa magoti yake mabovu, huku Umezu, aliyeitwa kupiga tena muhuri wa maabara, akiwa amezama ndani ya kalenda ukutani kama ndiyo kwanza anaiona leo.

Mara ya nane mzee aliulaza muhuri chali kabisa, jina lake likitazama dari.

"Eeeh! Kumbe unajua!" Hirukawa akasuuzika moyo, akachukua muhuri wake, akaupiga pwaa! kwenye MWAGA, kama alivyozoea kila siku.

Na Kakuta? Kakuta hakuona ulipotua. Karatasi ya mkubwa hupokewa kwa mikono miwili, kichwa chini, na siku hiyo aliogopa kuambiwa shingo yake nayo ina digrii sita. Alitazama viatu vyake mpaka trei ya kwenda kwa mtu wa vali ilipoimeza fomu.

Saa tisa alasiri akasikia pampu inanguruma. Alikimbia, miaka hamsini na tisa yote ikimgongagonga nyuma.

"Funga! Funga hiyo vali!"

"Nina muhuri wa bosi, mzee," alijibu mtu wa vali, kidole juu ya karatasi. Mpaka walipokwisha kubishana, nusu ya tangi ilikuwa ghubani.

Hirukawa alipoletewa habari alinong'ona tu: "Maji yakimwagika hayazoleki, mzee. Tutafute aliyeyamwaga."

Kamati ya uchunguzi ilikaa siku tatu. Kipimo cha Kakuta kilikuwa sahihi, na "yarudishwe" lilisomeka hata bila miwani. Mwenyekiti akaweka kidole kwenye muhuri.

"Fomu za miaka thelathini, muhuri umesimama. Siku hii moja umelala. Mtu hulaza hivi akiwa amelewa, au akijua ana kosa. Ipi?"

"Niliamriwa, bwana."

"Nilimwonya mara saba juu ya muhuri huo," alisema Hirukawa kwa huzuni nzito. "Ofisi nzima ni shahidi."

Umezu akaulizwa. "Ni kweli," akasema taratibu. "Alimwonya mara saba."

Wajumbe wakasaini hukumu, mihuri yao ikiinamiana vizuri. Kakuta akafukuzwa kabla siku zake tisa hazijaisha, na kazi ya mwisho ikawa kupeleka barua ya kuomba radhi, yenye muhuri wake mwenyewe, kwa wanawake wa mwani. Ya kwanza wajumbe walimrudishia: muhuri haukuinama.

Sae ndiye aliyeipokea ya pili, pale gatini, kati ya vikapu vya mwani ambao mnunuzi alikuwa ameukataa tangu asubuhi. Akaweka kidole kwenye muhuri.

"Huu si wako."

"Ni wangu, mke wangu."

"Wako ulikuwa unasimama," alisema Sae. Akammwagia kikapu kizima miguuni, akakifuata cha pili.