Mbili Moja Nne

Mara ya tatu Shigela hakusalimia. Aliingia ofisini kwa ushirika pale Ilomba, Mbeya, vumbi la Igawa bado liko miguuni, akasimama mbele ya meza ya simu na kumtazama Atuganile kama mtu anayetazama mlango uliofungwa.

"Binti, leo siondoki," alisema. "Pigia Iringa mbele yangu nisikie."

Atuganile alikuwa opereta wa ushirika huo kwa mwaka wa nne sasa. Huyu mzee alimfahamu. Ni Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe zake miaka ya nyuma, naye ndiye wafugaji wa Igawa waliyemchagua asimamie josho lao la kuogeshea ng'ombe. Josho lilikuwa limeishiwa dawa. Dawa ilitoka kwenye duka la mifugo la ushirika, Mlandege, Iringa, na ili lori lipakie, makao makuu ya Ilomba sharti yapige simu kwanza. Huo ndio ulikuwa utaratibu mwaka ule wa 1973.

Mara ya kwanza Atuganile alipiga, akaambiwa si hapo. Akamwambia mzee arudi wiki ijayo. Mara ya pili ikawa vilevile, akamwambia, "Baba, duka halipatikani." Alisema hivyo huku akichomoa waya, maana kulikuwa na mwingine anasubiri.

"Ng'ombe zangu zinakufa," Shigela alisema sasa, polepole. "Kupe zimejaa masikioni mpaka sikio linalala. Ndama kumi na tisa nimezika. Wewe unaniambia halipatikani. Duka limekwenda wapi? Limetoroka?"

Atuganile alihisi uso unamchoma. Alitaka kujibu kwamba yeye hakuhamisha duka. Akavuta kiti, akachukua waya.

"Kaa, baba. Tutalitafuta."

Kwanza alitaka kujua kama laini yenyewe ni nzima. Akaomba Iringa, akampigia wakala wa malori ambaye ushirika ulizoea kumtumia. Wakala akapokea mara moja, sauti safi. Basi laini haikuwa na ubaya. Akafungua sanduku la kadi, akatoa ya duka la mifugo: Iringa 214. Akafungua kitabu cha simu, toleo la miaka miwili nyuma. Nacho kilisema 214. Kadi na kitabu vilikubaliana, na hilo lilimkasirisha zaidi, maana vyote viwili vilikuwa vinamdanganya kwa pamoja.

Akamwomba opereta wa Iringa amtafutie kwa jina. "Duka la Dawa za Mifugo, la ushirika."

"Sina jina hilo, dada," opereta alijibu.

"Angalia tena."

"Nimeangalia. Halimo."

Wiki zilizopita angeishia hapo. Shigela alikuwa amekaa wima, fimbo katikati ya magoti. Atuganile akasema, "Basi nipe mbili moja nne."

Aliyepokea alikuwa mwanamume, na nyuma yake cherehani ilikuwa inalia.

"Si hapa," alisema kabla hajaulizwa.

"Najua si hapo, kaka. Usikate. Wewe ni nani?"

"Bartolomeo. Fundi nguo. Nimepanga chumba hiki tangu kabla ya Pasaka, simu nimeikuta ukutani."

"Waliokuwepo kabla yako walikwenda wapi?"

Cherehani ikanyamaza. "Dada, mimi nimechoka na nyinyi. Watu wa ng'ombe wanapiga kila siku. Nilishawaambia ofisini kwenu huko Mbeya. Niliongea na bwana mmoja, Jailos. Akasema ameshapata barua, kwamba wamejenga bohari mpya na jina wamebadilisha, atarekebisha. Mwezi wa tano huo. Sasa ni wa nane."

Atuganile aliweka simu chini bila kuaga. Jailos alikuwa katibu wa ushirika, na mlango wake ulikuwa hatua sita kutoka pale alipokaa yeye.

Alimkuta anasoma gazeti.

"Ndugu Katibu, barua ya Iringa iko wapi?"

"Barua gani?"

"Ya namba mpya."

Jailos alikunja gazeti, akavuta droo, akapekua kidogo. Barua ilikuwa chini ya mafaili, imefunguliwa, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Bohari ya Pembejeo, Iringa 377. "Nilikuwa nataka tuchape kadi zote upya kwa pamoja," alisema. "Si unajua kazi zilivyo."

"Hatua sita," Atuganile alisema. "Ungeniita tu. Ungesema namba tatu kwa mdomo."

"Angalia unavyoongea na mimi."

"Nimekuwa mpole, na barua imelala miezi mitatu, na ndama wa watu wamezikwa."

Shigela alikuwa amesimama mlangoni. Aliitazama barua mkononi mwa katibu, kisha akamtazama katibu mwenyewe, akageuka akatema mate nje ya kizingiti.

Iringa 377 ilipokewa na mwanamke aitwaye Juliana, mtunza bohari. Dawa ipo, alisema, mapipa yamejaa mpaka mlangoni. "Sisi tulidhani josho lenu bado lina dawa. Hakuna aliyeuliza."

Lori lilifika Igawa siku ya pili yake. Kwa Shigela walikuwa wameongezeka ndama wengine watatu waliokufa, na ng'ombe wake bora wa maziwa alikuwa amelala asiamke tena.

Mwezi wa tisa wanachama walikutana. Jailos alisimama akaeleza kwamba laini za Iringa zilikuwa mbovu kwa muda mrefu, jambo lililo nje ya uwezo wa ofisi. Watu walianza kutikisa vichwa kwa kukubali. Atuganile alikuwa amekaa na makarani. Alisimama bila kupewa nafasi.

"Laini ilikuwa nzima," alisema. "Niliijaribu mwenyewe. Namba mpya ilikuwa kwenye droo ya katibu tangu mwezi wa tano. Na mimi nilimrudisha Mzee Shigela mara mbili bila kuuliza swali hata moja. Hayo ndiyo yaliyotokea."

Kelele zilizofuata zilichukua nusu saa. Jioni Jailos hakuwa katibu tena. Atuganile aliachiwa simu yake, ingawa mjumbe mmoja alipendekeza naye aondolewe, na hakuna aliyemtetea kwa nguvu.

Watu walipotawanyika alimfuata Shigela, aliyekuwa anasubiri gari la Igawa kando ya barabara pamoja na mkewe, Kashindye.

"Baba, nisamehe."

Mzee aliegemea fimbo yake. "Umesema ukweli mbele ya watu," alisema. "Nimesikia. Lakini mimi nilikuja kwako mara mbili, binti. Mara mbili."

Kashindye alimshika mumewe mkono, gari likasimama, wakapanda. Atuganile alibaki pale mpaka vumbi likatulia, hasira yake ikiwa haina mtu mwingine wa kumwendea ila yeye mwenyewe. Kesho yake alifika ofisini saa moja kasoro robo, akamwaga kadi zote mezani, akaanza kupiga namba moja baada ya nyingine na kumuuliza kila aliyepokea yeye ni nani.