Kichwa cha Mama Mkwe

Kazi yangu ni vichwa vya watu. Kutwa nzima nasuka, naosha, nachana, na mdomo wangu haupumziki. Lakini kichwa cha mama mkwe wangu, tunayeishi naye nyumba moja, sikuwahi kukiona. Alikuwa hatoki chumbani bila kitambaa. Mganga hajigangi, ndiyo hivyo.

Siku moja nikifua foronya yake niliona vidoa vya damu. Roho iliniuma. Kumbe mama alikuwa akijikuna mpaka anachubuka, kisha anakuja mezani kunywa chai kama hakuna kitu.

"Mama, njoo saluni nikuangalie," nilimwambia.

"Niko salama, mwanangu."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Kikija kitanikuta nimefunga kitambaa."

Saluni tuna kamera ndogo kama kidole. Unaipitisha kichwani, picha zinaingia kwenye simu, halafu akili mnemba inaisoma ngozi, inauliza maswali, na kuchagua dawa ya kichwa hicho peke yake. Mimi nachanganya tu. Wateja wanaipenda kuliko mimi, maana wanasema haina umbea. Basi nikaibeba nyumbani.

"Usinionyeshe mimi," nilimbembeleza. "Ionyeshe hii."

Akajifungia nayo. Jibu likaja: ngozi ina mafuta kupita kiasi. Nikamchanganyia dawa ya kuyakausha, nikaona nimemaliza kazi.

Foronya zilizofuata zilikuwa mbaya zaidi. Yeye hakulalamika. Nililosikia, tena kutoka kwa mume wangu, ni kwamba mama anataka kuhamia kwa shemeji, asije akatusumbua. Nilikasirika, halafu nikaogopa. Nampenda yule mama, na nyumba bila yeye siitaki.

Nilimkuta chumbani, begi liko kitandani, anakunja kanga.

"Mama, kuuliza si ujinga. Kabla ya kujipiga zile picha ulifanya nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo.

"Nilijipaka mafuta, nikachana vizuri. Mtu anapigwaje picha hajajiweka sawa?"

Nilicheka mpaka nikalikalia begi lake. Alinuna kidogo, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, naye akacheka.

"Mashine yako nayo! Haijui mafuta ya kupaka?"

"Ingejuaje, mama? Inajua inachoonyeshwa."

"Sasa?"

"Kioshwe kwanza, kikauke, ndipo tupige upya."

"Kioshwe na nani?"

Nilikunja mikono ya gauni langu. Alikaa na ile kanga mapajani, akiangalia dirishani. Kisha akakifungua kitambaa.

Nywele zilikuwa chache, nyeupe, na kisogoni palikuwa na upara mwekundu wenye mikwaruzo. Machozi yalinitoka.

"Usinililie, sijafa," alisema. "Kalete maji."

Niliosha polepole kwa maji ya vuguvugu. Mwanzo shingo yake ilikaza. Baadaye aliiachia, na kichwa chake chote kikalala kiganjani mwangu. Nilikuwa nimeosha vichwa visivyo na idadi, lakini hiki nilikishika kama yai.

Kilipokauka nilipitisha kamera mwenyewe. Ngozi kavu, simu ikasema, imechubuka, inahitaji dawa ya kulainisha kila jioni. Kisha sauti yake ya kike ikauliza: "Je, kisogoni unaweza kujipaka mwenyewe?"

"Siwezi," mama akajibu upesi. "Mwambie sifikii kabisa."

Kila siku ya Mungu kitambaa chake alikifunga fundo pale pale kisogoni, tena chumbani mwake hamna kioo. Nilimtazama. Alikuwa amefumba macho, kichwa bado ameniegemezea.

Nikabonyeza "hapana", nikalitoa begi kitandani.