Brioshi ya Pasaka Haikuokwa na Vanessa

Mwanamume akichoma mbuzi uani, moshi umemjaa machoni na jasho linamtiririka, watu humsifu. Mwanamume huyohuyo akikanda unga mezani, watu hufunga dirisha ili majirani wasimwone. Nimekulia katika sheria hii hapa Cyangugu, mpakani mwa Rwanda na Kongo, na mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza mbuzi anauzidi unga kwa kitu gani.

Naitwa Bruno. Ni mwaka wa tatu sasa nafanya kazi kwa Karim, mwenye tanuri la mikate kule Kamembe. Alinipokea nikiwa sijui hamira inawekwa kwenye maji moto au baridi. Siku hizi mikate ya maziwa ya Ijumaa ananiachia mimi, na yeye anaenda kusali bila kugeuka nyuma.

Ninachokitaka ni chumba kimoja tu, kile cha mbele cha nyumba yetu, kinachotazama barabara ya kushuka mpakani. Kila asubuhi wanawake wa biashara hupita hapo wakielekea Bukavu, vikapu kichwani, tumbo tupu. Nikiweka tanuri humo, watakula mkate wenye moto. Lakini chumba kimefungwa tangu baba yangu alipofariki. Nyumba ni ya ukoo, na ufunguo anao Papa Wenceslas, kaka mkubwa wa baba, anayeishi ng'ambo, Bukavu. Pasaka hii alikuwa anakuja kula kwetu. Niliamua kumwomba, ila sikutaka kumwomba kwa maneno matupu. Nilitaka aonje kwanza.

Jumamosi nilipanda Kamembe kwenye mvua. Karim alikuwa ameniachia tanuri tangu saa sita mchana.

"Leo iko yako," alisema. "Ila ukiniunguzia kitu, hiyo Pasaka yako utaifanyia polisi."

Nilivunja mayai thelathini. Nilikwangua maganda ya machungwa, nikatia siagi kidogo kidogo, nikakanda mpaka donge likaacha kung'ang'ania meza na mabega yangu yakaanza kulia. Brioshi, mkate laini wa mayai na siagi, haitaki mtu mwenye haraka. Ukiimwagia siagi yote kwa pamoja inageuka tope. Ukiichochelea moto mkali inapata rangi nzuri nje, ndani imebaki mbichi. Nilisuka sita, kila moja kwa nyuzi tatu, nikazipaka kiini cha yai mara mbili. Zilipotoka, Karim aliigonga moja chini kwa kidole na kutega sikio, kama daktari anayesikiliza kifua.

"Huyo mzee wenu akikataa hii," alisema, "mulete huku nimuangalie vizuri. Pengine ni mugonjwa."

Nilirudi nyumbani nimezifunika kwa nailoni, mimi mwenyewe nimelowa chapachapa. Mama alifunua, akanusa, macho yakamlegea kwa furaha. Kisha akatazama mlangoni kama mwizi.

"Bruno, kesho tutasema ni Vanessa alipika."

Vanessa ni dada yangu. Anatengeneza simu sokoni Kamembe. Simu iliyozama ziwani Kivu anaweza kuifufua, lakini yai la kukaanga linamshinda. Hakuna aliyewahi kuona aibu kwamba msichana wetu anashika chuma cha kuunganishia nyaya. Wala haipaswi kuwa aibu! Lakini mimi nikishika unga, nyumba nzima inanong'ona.

"Kwa nini Vanessa?" niliuliza.

"Papa Wenceslas atasema sikulea mwanaume. Atasema tangu baba yako afe, mi nilikugeuza binti."

"Na chumba je? Nitakiomba kwa mikate ya nani?"

"Tutamuomba akishashiba. Tafadhali, mwanangu. Nifanyie hii moja."

Nilizifunika tena brioshi kwa sababu ni mama yangu, na kwa sababu nimeona jinsi ndugu za baba wanavyoongea na mjane.

Jumapili baada ya misa nyumba ilijaa. Kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo, ndizi za kupikwa na maharagwe, sinia la sambaza, samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa mpaka wanavunjika mdomoni. Uani, Donatien, mdogo wa baba, alikuwa akichoma mbuzi na kuimba, na kila anayepita alimpiga mgongoni. Papa Wenceslas alikaa kwenye kiti kikubwa, akapelekewa nyama ya kwanza.

"Donatien!" alipaza sauti. "Hii ndiyo mikono ya mwanaume!"

Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa na alama tatu mbichi za kuungua, nilizozipata kwenye tanuri.

Chai ilipoletwa, mama aliweka brioshi katikati ya meza. Papa Wenceslas alikata kipande kinene, akakila kimyakimya. Akakata cha pili. Akakata cha tatu, na hiki hakukichovya kwenye chai, alikila hivihivi, amefumba macho.

"Béatrice," alimwita mama, "hii mukate muliinunua wapi?"

"Hatukuinunua, Papa mukubwa. Ni... ni Vanessa."

Vanessa aliinamia kikombe chake. Papa Wenceslas alicheka kwa furaha ya kweli, akaingiza mkono mfukoni, akaweka mezani ufunguo wenye kutu.

"Muone batoto wetu! Vanessa, kile chumba cha mbele, kuanzia leo ni chako. Fungua bulanjeri, uuze mikate. Na wewe Bruno, wewe wa mashairi, simama umusifu dada yako. Tunakusikiliza."

Katika familia yetu wanajua natunga. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza mwenyewe kuhesabu mizani kwa vidole wakati nikingoja unga uumuke. Kwenye harusi na ubatizo huniita, nami husimama. Sijawahi kukataa. Lakini nisimame nisifie mikono ya mtu mwingine kwa kazi ya mikono yangu, na chumba changu kiko pale mezani kinagawiwa? Damu ilinipanda kichwani. Nilisimama.

*Unga mimi nimekanda, na jasho likanitoka,*
*Tanurini nikaenda, kuni zangu zikawaka,*
*Mkate ulipopanda, mimi nikafurahika,*
*Leo sifa zimekwenda kwa mtu asiyepika.*

Kijiko kilianguka mahali fulani. Donatien, aliyekuwa mlangoni na sinia la mishikaki, alicheka, halafu akaona hakuna anayecheka naye.

"Huyu anasema nini?" Papa Wenceslas aliuliza.

"Nasema mimi ndiye nilipika, Papa mukubwa. Zote sita."

"Wewe? Mwanaume wa kwetu anakanda unga kama bibi wa muntu?"

"Na Donatien anafanya nini kule uani tangu asubuhi? Anamufundisha mbuzi katekisimu?"

"Mbuzi ni kazi ya mwanaume!"

"Nani alisema? Mbuzi?"

"Bruno!" mama alinikemea.

"Mkate unaokunywa nao chai kila siku kule Bukavu unaokwa na nani?" Sikuweza tena kujizuia. "Ni wanaume! Mwanaume akikuuzia, unalipa na kusema asante. Mtoto wa ndugu yako akikuokea bure, ni aibu?"

Papa Wenceslas aliuchukua ufunguo mezani na kuufumbata.

"Vanessa," alisema polepole, "sema wewe. Ni nani alipika?"

Vanessa aliinua kichwa. "Papa mukubwa, mi natengeneza simu. Hata yai linaniungulia. Ni Bruno."

"Béatrice. Ulinidanganya kwa meza ya Pasaka?"

Nilidhani mama atalia. Hakulia. Alifuta mikono kwenye kitenge chake, akamtazama shemeji yake usoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Ndiyo, nilikudanganya. Niliogopa mdomo wako. Miaka yote hii naogopa mdomo wako, na leo umenifanya nimuibie mtoto wangu mwenyewe."

Hakuna aliyegusa tena chakula. Papa Wenceslas alisema mpaka hauko mbali lakini mvua iko karibu, akaita pikipiki. Alikuwa anaondoka na ufunguo wangu.

Lakini kwetu mgeni wa sikukuu haondoki mikono mitupu. Hupewa impamba, chakula cha njiani, hata kama njia yenyewe ni kuvuka daraja tu. Na asiyepokea impamba ya nyumba anaiambia nyumba hiyo kwamba hatarudi. Mama alikuwa ameshafunga brioshi nzima ndani ya kitambaa cheupe tangu asubuhi. Nilimpokonya, nikamfuata Papa Wenceslas mpaka nje. Familia yote ilitoka na kujipanga ukutani chini ya manyunyu. Dereva wa pikipiki alizima injini.

"Papa mukubwa, impamba yako," nilisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nimeipika mimi, Bruno. Sitaki uibebe bila kujua."

Taya lake lilikuwa linacheza. Aliangalia kile kitambaa, akamwangalia mama, akaangalia watoto waliokuwa wanasubiri kujua kama nyumba ya marehemu ndugu yake bado ni nyumba yake. Kisha akanyoosha mikono, yote miwili, akapokea. Akaiweka kwapani, chini ya koti, mvua isiiguse.

Alipokwisha panda pikipiki, alimwita mama na kumtia ufunguo mkononi.

"Chumba ni chako, Béatrice. Muntu gani atafanya kazi gani ndani, mi sitaki kujua."

Akaondoka.

Hataki kujua! Mama alikuwa ananikumbatia, Vanessa anaruka, Donatien anasema tumeshinda, tumeshinda, na mimi nimesimama pale nimejaa hasira. Amebeba mkate wangu kwapani mpaka ng'ambo ya mto Rusizi. Kesho asubuhi ataula na chai, atafumba macho kama alivyofumba leo, na bado hataki kujua!

Jumatatu ya Pasaka tulifungua chumba. Panya walikimbia, buibui wakabaki. Tulifagia mpaka saa tano, Karim akaja kupima ukutani pa kuweka tanuri. Mama alisimama barabarani akitazama juu ya mlango.

"Tuandike *Kwa Mama Béatrice*," alisema kwa upole. "Batu watapenda. Na Papa mukubwa hatakasirika."

"Hapana, Mama."

"Basi *Bulanjeri ya Pasaka*, bila jina la muntu."

Nilikwenda sokoni nikarudi na kopo la rangi nyekundu na brashi pana kuliko zote walizokuwa nazo. Nilipanda juu ya meza, na kwa herufi ndefu kama mkono wangu nikaandika: BRUNO, MWOKA MIKATE. Mama alinishikia meza isiyumbe, hakusema neno. Nilipoteremka nilivuka barabara kuangalia. Zinasomeka vizuri kutoka kona ya juu, na zinasomeka vizuri kutoka chini, upande wa mpakani. Papa Wenceslas hana njia nyingine ya kuja kwetu.